Filamu mbili, Ijumaa moja na muziki uliocheleweshwa

Ijumaa ya Juni 25, 1982, mpenzi wa sinema nchini Marekani alikuwa na uchaguzi ambao leo ungemfanya apange foleni tangu asubuhi. Kumbi zilikuwa zinafungua "The Thing" ya John Carpenter na, siku hiyo hiyo, "Blade Runner" ya Ridley Scott. Wengi hawakwenda huku wala kule. Walikwenda kumwona E.T., kile kiumbe kidogo cha Steven Spielberg chenye kidole kinachowaka, ambaye alikuwa anaingia wikiendi yake ya tatu kumbini na bado watu hawajamchoka. Hesabu zilipopigwa Jumapili jioni, E.T. alikuwa ameingiza takriban dola milioni 13.7. "Blade Runner" ilipata milioni 6.1. "The Thing" iliambulia milioni 3.1 na kuangukia nafasi ya nane.

Wahakiki nao walimalizia kazi. "The Thing" ilisemwa kuwa uchafu mtupu, damu na utumbo bila hadithi. Carpenter, ambaye studio ya Universal ilikuwa imeshampanga kuongoza filamu ya "Firestarter", alinyang'anywa kazi hiyo. "Blade Runner" iliambiwa ni nzuri ya macho lakini nzito, polepole na haina moyo. Filamu iliyogharimu karibu dola milioni 30 haikurudisha hata hizo katika mzunguko wake wa kwanza wa kumbi za Marekani.

Yaliyofuata yameshasimuliwa sana: mikanda ya video ikazisambaza majumbani, vijana wakazitazama mara kumi kumi, na ndani ya miaka kumi zote mbili zikaanza kutajwa miongoni mwa filamu kubwa za karne. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge ya Marekani iliiingiza "Blade Runner" katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa. Simulizi hiyo ni ya kweli, ila ina pengo. Inazungumzia macho tu. Muziki wa filamu hizi mbili ulipata msiba wake wenyewe, tofauti na ule wa picha, na mmoja wao ulilipwa haki yake ukiwa ndani ya filamu ya mtu mwingine.

Tuanze na theluji.

"The Thing" inafunguka Antaktika. Helikopta ya Wanorwei inamfukuza mbwa kwenye uwanda mweupe usio na mwisho, mtu akining'inia mlangoni na bunduki, anapiga na kukosa. Mtazamaji hajaambiwa lolote. Chini ya picha kuna besi inayogonga mapigo mawili mazito, inanyamaza, inagonga tena, mithili ya moyo wa mgonjwa. Juu yake sauti za kinanda zinaingia moja moja, zinatanda, hazifiki popote. Hakuna wimbo wa kuimba ukitoka ukumbini. Mbwa anakimbia vizuri tu, mkia juu, na ni muziki peke yake unaosema kwamba anayestahili kuogopwa ni huyo mbwa.

Aliyeutunga ni Ennio Morricone wa Roma, mtu aliyekwisha kujulikana dunia nzima kwa miluzi na magitaa ya filamu za kaoboi za Sergio Leone, kama "The Good, the Bad and the Ugly" ya mwaka 1966. Kumwita kulikuwa jambo la ajabu kidogo, kwa sababu Carpenter alikuwa na desturi ya kujitungia muziki. Baba yake, Howard Carpenter, alikuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu huko Kentucky, naye ndiye aliyemfundisha kijana wake mdundo wa mapigo matano kwa kutumia ngoma ndogo za bongo. Mdundo huo ndio uti wa mgongo wa muziki wa "Halloween" ya mwaka 1978: vidole vichache kwenye piano, vinarudia, haviachi nafasi ya kupumua. Filamu ile ilitengenezwa kwa fedha zisizofika dola 350,000 na ikaingiza mamilioni kwa makumi. Carpenter alijitungia kwa sababu alikuwa hana fedha ya kumlipa mtunzi.

Kwa "The Thing" fedha zilikuwapo, dola milioni 15 za Universal. Carpenter alimpenda Morricone kiasi kwamba, kwa maelezo yake mwenyewe, muziki wa "Once Upon a Time in the West" ulipigwa kwenye harusi yake. Wawili hawa hawakuwa na lugha moja. Mmoja hajui Kiitalia, mwingine hajui Kiingereza. Morricone alileta vipande vya okestra, fidla zinazosuguana na kukwaruzana, na pia vipande vya sinthesaiza. Carpenter akamwomba jambo moja: apunguze noti. Kilichotumika zaidi kwenye filamu ni kile cha kielektroniki, ambacho ukikisikia bila kuambiwa utaapa kimetungwa na Carpenter. Tena Carpenter na mwenzake Alan Howarth walijaza mapengo kwa sauti zao wenyewe, bila majina yao kuandikwa kama watunzi. Morricone aliwahi kueleza katika mahojiano, miaka mingi baadaye, kwamba alishangaa kuona sehemu kubwa ya alichoandika ikiachwa.

Hapo ndipo ikatokea filamu yenye miziki miwili. Santuri rasmi iliyotolewa na MCA mwaka 1982 ina vipande vya okestra ambavyo kwenye filamu havimo, na haina zile sauti za Carpenter ambazo kwenye filamu zimo. Mtu aliyenunua santuri ile akaifungua nyumbani alikuwa anasikiliza "The Thing" nyingine, ile iliyokuwa kichwani mwa Morricone. Mapema mwaka uliofuata, watoaji wa tuzo za kejeli za Razzie waliuteua muziki huo miongoni mwa mibovu zaidi ya mwaka. Kejeli nayo huwa na siku zake za kulala usingizi.

Inafaa kusema wazi kwamba Carpenter hakukosea kupunguza. Tazama tukio maarufu la kupima damu. Wanaume wamefungwa kwenye viti. MacReady, anayeigizwa na Kurt Russell, anachoma waya kwenye moto na kuuchovya katika kila kisahani cha damu, mmoja baada ya mwingine. Damu ya binadamu itatoa mvuke tu, damu ya kiumbe itajitetea. Kinachosikika zaidi ni upepo wa nje na waya unaochoma. Mwongozaji mwingine angejaza fidla pale, na mtazamaji angejua sekunde tano kabla kwamba kisahani kinachofuata ndicho. Hapa hajui, kama wao wasivyojua.

Wenye kuishi Antaktika kwa kweli wanaiheshimu. Kwenye kituo cha utafiti cha Ncha ya Kusini imekuwa mila: ndege ya mwisho ikiondoka mwezi Februari na milango ya majira ya baridi kufungwa, wanaobaki hukusanyika na kuitazama.

Sasa twende London, miezi michache kabla ya ile Ijumaa. Karibu na Marble Arch kulikuwa na studio iitwayo Nemo, na mwenye studio alikuwa Mgiriki mwenye ndevu aliyeitwa Evangelos Papathanassiou, maarufu kwa jina la Vangelis. Hakuwa na mazoea ya kuandika noti. Alikaa katikati ya vinanda vyake, picha ikawashwa kwenye runinga, naye akapiga akiitazama. Machi 29, 1982, siku aliyotimiza miaka 39, alishinda Oscar kwa muziki wa "Chariots of Fire", na sherehe hiyo ya Los Angeles hakuhudhuria. Waliotazama David Rudisha akivishwa dhahabu ya mita 800 London mwaka 2012 wameusikia muziki huo bila kuhitaji kuambiwa jina la mtunzi, kwani ndio uliopigwa kwenye sherehe za kutoa medali za Olimpiki ile.

Kwa "Blade Runner" alitegemea zaidi chombo kimoja, Yamaha CS-80. Ni sinthesaiza yenye uzito wa karibu kilo 100. Kuipandisha ghorofani kulihitaji wanaume wenye nguvu, na kuihamisha kulitosha kuivuruga isikubali kukaa kwenye tuni. Lakini ilikuwa na jambo ambalo vinanda vingi vya wakati huo havikuwa nalo: kila kitufe kilitambua uzito wa kidole kinachokikandamiza hata baada ya noti kuanza. Ukikandamiza zaidi kwa kidole kimoja, sauti hiyo moja inavimba na kutetemeka huku nyingine zikibaki tulivu. Juu ya vitufe kulikuwa na ukanda wa kuteleza, unaopandisha na kushusha sauti bila ngazi, kama mtu anayeghani. Kwa hiyo mashine ile ilipata pumzi. Na filamu inahusu mashine zenye pumzi: watu bandia waliotengenezwa kiwandani, waliopewa miaka minne tu ya kuishi, wanaotoroka na kurudi duniani kudai mingine.

Katika nyumba ya Deckard, mwindaji wa watu hao anayeigizwa na Harrison Ford, mwanamke aitwaye Rachael anaambiwa kwamba kumbukumbu zake za utotoni si zake, zimepandikizwa. Kinachopigwa nyuma ni "Memories of Green", kipande ambacho Vangelis alikuwa amekitoa tayari kwenye albamu yake ya mwaka 1980, "See You Later". Sikiliza kwa makini: piano imepindishwa kidogo kama iliyolowa maji, na kati ya noti zake kunalia milio ya mchezo wa elektroniki wa mkononi, ile midoli ya watoto ya miaka ile. Utoto wa kubuni unasindikizwa na mdoli wa betri. Vangelis hakukitunga kwa ajili ya tukio hilo, lakini ni vigumu sasa kuamini kwamba hakikuzaliwa mle.

Si kila kitu kimezeeka vizuri. Wimbo wa mapenzi, wenye saksafoni ya Dick Morrissey, una harufu ya hoteli ya kitalii ya miaka ya themanini, na ukiusikia bila picha unaweza kudhani unasubiri lifti. Wapo mashabiki watakaomwandikia mhariri kuhusu sentensi hiyo. Waandike.

Majina yalipokuwa yanapita mwishoni mwa filamu, watazamaji waliahidiwa santuri kutoka Polydor. Haikutoka. Kilichoingia madukani mwaka 1982 ni nakala iliyopigwa upya na kundi lililoitwa New American Orchestra, ambamo pumzi yote ya CS-80 iligeuzwa kuwa fidla na tarumbeta za heshima. Ni muziki ule ule kwa maana ya noti, na si muziki ule hata kidogo. Kwa miaka 12 mashabiki waliishi kwa kurekodi kutoka kwenye mikanda ya video, kelele za mvua na risasi zikiwemo, na kwa kununua nakala za wizi. Mojawapo, diski ya mwaka 1993, ilikuwa na ubora wa sauti uliowatia aibu wenye mali. Mwaka uliofuata, 1994, Vangelis akatoa albamu rasmi. Hata hiyo haikuwa na kila kitu, na ndani yake alipachika maneno ya waigizaji juu ya muziki, jambo ambalo bado linagawa watu. Seti ya diski tatu ilifuata mwaka 2007.

Ukiziweka kando kwa kando, filamu hizi zilibadilishana msiba. "The Thing" ilikuwa na santuri ya muziki ambao sehemu yake haimo kwenye filamu. "Blade Runner" ilikuwa na filamu yenye muziki usiopatikana kwenye santuri.

Na kwa nini zilianguka pamoja? Sababu za kibiashara zinajulikana: majira ya joto ya 1982 yalijaa kupita kiasi, kukiwa na "Poltergeist", "Star Trek II" na "Conan the Barbarian" (ambayo muziki wake wa Basil Poledouris unastahili makala yake peke yake). Lakini akiketi kuzisikiliza filamu za ile wikiendi, mtu anaweza kupata sababu nyingine. Muziki wa John Williams katika "E.T." unamshika mtazamaji mkono tangu mwanzo hadi mwisho. Unamwambia hapa cheka, hapa ogopa, na pale baiskeli zinaporuka, okestra nzima inainuka nazo na hakuna mwenye macho makavu. Ni kazi ya fundi, na Oscar ya 1983 ilikwenda kwake kwa haki. Morricone na Vangelis walifanya kinyume. Wa kwanza alimwacha mtazamaji kwenye baridi bila kumwambia nani ni mtu. Wa pili alimlilia adui.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki aliyekulia kwenye vibanda umiza anaijua kanuni ya picha za mapigano kuliko mhakiki yeyote: steringi hafi, na adui akifa ukumbi unashangilia. "Blade Runner" inaivunja kanuni hiyo hadharani. Kwenye paa, katika mvua, ni adui Roy Batty, anayeigizwa na Rutger Hauer, anayemdaka steringi mkono asianguke, kisha anakaa chini, anazungumza kidogo na kufa. Muziki hauna hata chembe ya ushindi. Filamu iliweka kifo hicho mwezi Novemba 2019. Hauer mwenyewe alifariki Julai ya mwaka huo huo. Na "The Thing" inakwenda mbali zaidi. Kambi inaungua, wanaume wawili wamekaa wanatazamana, chupa inapita kati yao, na hakuna anayejua kama mwenzake bado ni binadamu. Yale mapigo mawili ya besi yanarudi. Mwisho.

Kwenye vibanda hivyo, muziki wa filamu ulikuwa na bahati mbaya nyingine tena. Watafsiri wa filamu, kuanzia Lufufu aliyetamba Tanzania hadi DJ Afro wa Kenya, wanasimulia juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, wanawapa wahusika majina ya mtaani, wanatia utani, wanabishana na adui. Ni sanaa kamili, na wengi wetu tulifuata hadithi za Hong Kong na Hollywood kwa midomo yao. Bei yake ni kwamba sauti ya asili inashushwa. Kizazi kizima kinakumbuka sauti ya msimulizi na hakikuwahi kusikia kilichokuwa chini yake. Anayetaka kuanza kusikiliza upya ana pa kuanzia: kwa "Blade Runner" atafute toleo la 2007, lisilo na maelezo ya Deckard yaliyolazimishwa na wenye fedha mwaka 1982 wala ule mwisho wa furaha uliookotwa kutoka mabaki ya picha za "The Shining" ya Stanley Kubrick. Maelezo yale yalipoondolewa, muziki ulipata nafasi ya kusema.

Deni la Morricone lililipwa Februari 28, 2016, aliposhinda Oscar. Mwaka mmoja kabla, Quentin Tarantino alikuwa amemfuata kwa ajili ya filamu yake "The Hateful Eight": watu wamefungiwa kibandani na dhoruba ya theluji, mmoja wao si anayejidai kuwa, na kati yao ni Kurt Russell yule yule, mwenye masharubu marefu zaidi. Tarantino hakuficha kwamba alikuwa na "The Thing" kichwani. Morricone hakuwa na muda wa kutosha wa kujaza filamu ya karibu saa tatu. Alitunga takriban nusu saa ya muziki mpya, na kwa yaliyobaki akakumbuka kwamba ana vipande vya theluji ambavyo havijapata theluji yake. Vile vya okestra vya mwaka 1982, ambavyo Carpenter aliviacha, vikapanda farasi na kuingia Wyoming pamoja na kipande kutoka "Exorcist II", filamu nyingine ya mwaka 1977 iliyozomewa hadi ikanyamaza.

Oscar ilitolewa kwa ule muziki mpya, hilo ni sawa kisheria. Lakini mwenye kuitazama filamu hatenganishi. Morricone alikuwa na miaka 87. Alikuwa ameshateuliwa mara tano na kukosa mara tano, kisha mwaka 2007 akapewa Oscar ya heshima, ile ambayo kwa kawaida hutolewa pale wakubwa wanapoona aibu. Alifariki Julai 2020.

Carpenter, kwa upande wake, hivi sasa ni mwanamuziki kuliko mwongozaji. Kizazi cha "Stranger Things", mfululizo wa mwaka 2016 wenye sinthesaiza za kina Kyle Dixon na Michael Stein na bango la "The Thing" ukutani mwa chumba cha watoto, kilimtafuta na kumkuta tayari ana albamu. "Lost Themes" ilitoka 2015, akipiga na mwanawe Cody pamoja na Daniel Davies, na mwaka 2016 watatu hao na wenzao walianza kuzunguka Marekani na Ulaya wakipiga muziki wa filamu zake mbele ya kumbi zilizojaa. Mwaka 2017 aliurekodi upya muziki huo katika albamu ya vipande 13, "Anthology". Vingi ni vyake. Cha "The Thing" nacho kimo, amekipiga mwenyewe, na penye jina la mtunzi pameandikwa Morricone.